Mkojo unakutoka ukikohoa? Namna ya kujiandaa na upasuaji, kuupitia na kupona

Maswali haya nayapata kila wiki, na mengi nanong'onezwa mlangoni, mgonjwa akiwa ameshaaga na kushika mkoba wake. "Dada, nikicheka mkojo unanitoka, kuna oparesheni?" "Nikipasuliwa nitazaa tena?" "Hicho kitepe wanachoweka ni plastiki?" "Nitarudi lini kuchota maji?" Mimi ni muuguzi wa wodi ya wanawake. Nimeona waliopona vizuri na waliorudi wakilia, na mara nyingi tofauti yao ilianza kabla hawajafika chumba cha upasuaji. Kwa hiyo nayajibu yote hapa. Soma ukiwa na kalamu.

Mwongozo huu ni wa mkojo unaotoka tumbo linapokaza ghafla: ukikohoa, ukipiga chafya, ukicheka, ukiruka, ukijitwika ndoo. Mrija unaotoa mkojo hushikiliwa na misuli ya nyonga. Kuzaa, umri, uzito mkubwa, kikohozi cha muda mrefu na mizigo mizito huilegeza misuli hiyo, mrija ukakosa pa kubania. Karibu kila upasuaji wa tatizo hili unafanya jambo moja: kuupa mrija kitu cha kuegemea. Nadharia inatosha hapo.

Andaa hivi kwanza

- Daftari la siku tatu: saa uliyokojoa, kiasi, ulichokunywa, na kila mara ulipovuja ulikuwa unafanya nini.
- Jagi la plastiki lenye alama za mililita, la kupimia mkojo tu.
- Majina ya dawa zote unazotumia, pamoja na mitishamba. Usifiche za kienyeji, zipo zinazoongeza kutoka damu.
- Kadi za kliniki na karatasi za oparesheni za zamani, hasa ya uzazi, ya kizazi au ya fistula.
- Mtu wa kukuchotea maji na kubeba mtoto kwa wiki sita. Kama hayupo, mtafute kabla hujapanga tarehe.
- Jibu la bima kuhusu upasuaji wenyewe na pia kifaa. Utepe, yaani ukanda wa plastiki unaowekwa chini ya mrija katika baadhi ya oparesheni hizi, mara nyingine hulipiwa peke yake.

Hatua ya 1: Jua unavuja kwa namna gani

Usiruke hatua hii hata kama daktari ana haraka.

Ukivuja pale tu unapokohoa au kunyanyua kitu, mwongozo huu ni wako. Ukibanwa ghafla, ukakimbia na bado usiufikie mlango wa choo, hilo ni tatizo la kibofu kinachojikamua bila ruhusa. Lina mazoezi yake na dawa zake, na upasuaji ninaouelezea hapa hauliponyi. Linaweza hata kuzidi. Wanawake wengi wana yote mawili. Hapo mwambie daktari waziwazi lipi linakutesa zaidi.

Ukiwa na mkojo unaotiririka mchana na usiku, hata umelala, na ulianza baada ya uchungu wa muda mrefu au baada ya oparesheni, fikiria fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Usikubali kuwekewa utepe. Nenda kwa wenye ujuzi wa kuziba fistula, kama hospitali ya CCBRT Dar es Salaam, Gynocare mjini Eldoret, Kenya, au Panzi huko Bukavu, Kongo.

Na wewe uliyekwisha kushonwa fistula, tundu likaziba, lakini ukikohoa bado unalowa: haina maana kwamba upasuaji ule uliharibika. Baadhi ya wanawake hubaki na mrija dhaifu hata baada ya tundu kufungwa. Rudi useme. Nimekutana na mama aliyekaa miaka minne kimya, khanga imekunjwa mara nne chini ya gauni, akiamini alishapewa nafasi yake na hana haki ya kuomba nyingine. Haki unayo.

Hatua ya 2: Mazoezi kwa miezi mitatu

Najua umekuja kusoma kuhusu kisu. Lakini wapo wanaopata nafuu ya kutosha hapa wakaahirisha kisu au wasikihitaji kabisa, na hata ukipasuliwa baadaye, misuli imara haipotei bure.

Bana kana kwamba unazuia ushuzi na mkojo kwa pamoja, ukivuta kwenda juu na ndani. Hesabu polepole, achia, pumzika kwa muda uleule. Mara nane, asubuhi, mchana na jioni. Kosa la kawaida ni kubana makalio na mapaja huku pumzi imezuiwa. Hapo unaisukuma misuli chini badala ya kuivuta juu. Kosa jingine ni kufanya zoezi kwa kukata mkojo katikati kila unapokwenda chooni. Mara moja kutambua misuli, sawa. Kuifanya desturi, hapana, utakizoeza kibofu kutomaliza.

Katika miezi hiyo tibu kikohozi, pumu na choo kigumu. Kama una uzito mkubwa, punguza kiasi unachoweza: katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009, wanawake waliopunguza takriban asilimia 8 ya uzito wao walipungukiwa na kuvuja kwa karibu nusu. Kama hedhi imekoma na uke umekauka, uliza kuhusu krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni. Uliza pia pete ya ukeni, yaani pesari, ambayo humsaidia asiyetaka kupasuliwa au anayengoja amalize kuzaa.

Hatua ya 3: Vipimo

Nenda kliniki kibofu kikiwa kimejaa. Hili ndilo kosa ninaloliona kuliko yote. Mama anaona aibu, anapitia chooni kwanza, anajisafisha vizuri, anapanda kitandani kibofu kikiwa kitupu. Daktari anamwambia akohoe, hakitoki kitu, na kwenye faili inaandikwa kwamba kuvuja hakukuonekana. Aibu ya dakika moja imemgharimu miezi. Kohoa kwa nguvu, ulowe, sisi tumeshazoea na shuka za kubadilisha zipo.

Vipimo vingine: mkojo, ili UTI itibiwe kwanza; kiasi kinachobaki kibofuni baada ya kukojoa, kwa altrasaundi au mpira mdogo wa kutolea mkojo; mimba; sukari na wingi wa damu; na kuangaliwa kama kizazi au kuta za uke zimeshuka.

Kuna kipimo cha kuingiza mirija myembamba kibofuni na kusoma presha yake. Hakipatikani kila mahali, na mwenye tatizo la wazi la kuvuja akikohoa hana haja ya kukisafiria: utafiti wa Marekani wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba matokeo ya upasuaji hayakuwa mabaya kwa waliopasuliwa bila kipimo hicho. Kisafirie kama uliwahi kupasuliwa kwa ajili ya kuvuja, uliwahi kuwa na fistula, una shida ya kumaliza mkojo, au una mchanganyiko wa aina zote mbili za kuvuja ambao hata daktari hajui aanzie wapi.

Hatua ya 4: Chagua upasuaji, na uchague wewe

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wanawake wengi hukubali "kushonwa" bila kujua wanashonwa nini.

*Utepe wa wavu.* Ulibuniwa na Ulf Ulmsten na wenzake huko Uswidi miaka ya 1990. Ni ukanda wa nyuzi za polipropilini wenye upana wa karibu sentimita moja, unaopitishwa chini ya mrija kwa kidonda kidogo ukeni. Ncha zake hupanda nyuma ya mfupa wa kinena na kutokea juu yake, au hupita pembeni na kutokea pale paja linapoanzia. Kazi huchukua kama nusu saa, na kupona ni haraka. Waliofuatiliwa kwa miaka 17 katika nchi za Ulaya ya kaskazini, zaidi ya asilimia 90 walipopimwa hawakuvuja.

Upande wa pili usifichwe. Ndiyo, ni plastiki, na nyama huota ndani ya matundu yake, kwa hiyo kuutoa wote baadaye ni kazi ngumu. Baadhi ya wanawake wamebaki na maumivu ya kudumu, au utepe umetokeza ukeni. Uingereza ilisimamisha matumizi yake ya kawaida mwezi Julai 2018, na ripoti ya tume iliyoongozwa na Julia Cumberlege, Julai 2020, ilieleza jinsi wanawake walivyolalamika kwa miaka bila kusikilizwa. Marekani ilipiga marufuku mwaka 2019 uuzaji wa wavu wa kushikilia uke ulioshuka unaowekwa kupitia ukeni. Ule ni mkubwa na ni kifaa kingine. Utepe wa mkojo haukuguswa na katazo hilo.

*Mshipi wa nyama yako mwenyewe.* Daktari anakata ukanda wa utando mgumu unaofunika misuli ya tumbo, kupitia kidonda kinachofanana na cha kujifungua kwa upasuaji, na kuuweka chini ya mrija. Hakuna kitu kigeni mwilini. Kidonda ni kikubwa zaidi, na uwezekano wa mkojo kugoma kutoka siku za mwanzo ni mkubwa zaidi.

*Kushona na kuinua kwa njia ya daktari Burch.* Njia hii ipo tangu mwaka 1961. Nyuzi hushikiza ukuta wa uke, kando ya shingo ya kibofu, kwenye kano iliyo nyuma ya mfupa wa kinena. Haihitaji utepe, na inafaa hasa kama tumbo linafunguliwa kwa sababu nyingine. Mwaka 2007 ililinganishwa na mshipi wa nyama kwa wanawake 655. Baada ya miaka miwili, asilimia 49 ya waliofanyiwa Burch hawakuwa wakivuja kwa kukohoa, na kwa mshipi walikuwa asilimia 66. Lakini wa mshipi waliugua UTI zaidi na walisumbuka zaidi kukojoa. Baada ya Burch, ukuta wa nyuma wa uke unaweza kushuka miaka ya mbele.

*Sindano ya kujazia.* Jeli huchomwa kuzunguka mrija ili njia iwe nyembamba. Ni jambo dogo, linamfaa asiyeweza kustahimili upasuaji, ila mara nyingi hurudiwa.

Ukiambiwa utashonwa ukuta wa mbele wa uke tu, simama uulize. Ushonaji huo ni wa kibofu kilichoshuka. Ukifanywa peke yake kwa ajili ya kuvuja, haudumu kama hizo nyingine.

Maswali ya kumuuliza daktari, uyaandike ili usisahau:

1. Ni aina gani hasa, na kwa nini hiyo kwangu?
2. Umeifanya mara ngapi mwaka huu?
3. Nikipata tatizo, ni wewe utakayenitibu au nitapelekwa wapi?
4. Kama ni utepe wa nyuma ya kinena, mna darubini ya kuangalia ndani ya kibofu?

Swali la nne usiliachie. Sindano za utepe huo hupita karibu sana na kibofu na mara chache hukitoboa. Ikionekana palepale, inatolewa na kupitishwa upya, na kibofu kinapona. Bila darubini haionekani. Mimi ningekuwa kitandani hapo na darubini haipo, ningechagua njia nyingine au hospitali nyingine.

Ushauri wangu kwa wanaouliza ipi ni bora: ile ambayo daktari aliye mbele yako anaifanya mara kwa mara na anaweza kuitatulia matatizo yake. Mshipi wa nyama uliowekwa na mkono uliozoea ni bora kuliko utepe wa kujaribia.

Na kuzaa? Maliza kwanza kama unaweza. Ujauzito na uzazi vinaweza kurudisha kuvuja.

Hatua ya 5: Wiki ya mwisho

Usiache mwenyewe dawa za kuzuia damu kuganda, za sukari wala za presha. Uliza ipi isimamishwe na lini. Kama mkojo unachoma, toa taarifa, tarehe isogezwe. Usijinyoe kwa wembe nyumbani, mikwaruzo huingiza vijidudu. Toa rangi ya kucha, na hina nyeusi usipake vidoleni, maana kile kibanio cha kusoma oksijeni husumbuka.

Chakula cha mwisho ni muda wa saa sita kabla ya upasuaji, maji matupu hadi muda wa saa mbili kabla yake, isipokuwa umeelekezwa vingine. Chai ya maziwa ni chakula. Uji ni chakula. Wagonjwa wameahirishwa kwa kikombe kimoja walichokiita maji.

Fomu ya ridhaa isaini wewe, ukiwa umesomewa kwa lugha unayoielewa. Mume ashirikishwe, ni vizuri, lakini mwili ni wako.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Utapewa ganzi ya mgongo au nusu kaputi, na sindano ya kuzuia maambukizi. Utaamka na mpira wa mkojo. Kwa utepe hutolewa siku hiyohiyo au kesho yake. Kwa mshipi na Burch unaweza kukaa nao siku kadhaa.

Mpira ukitoka, kunywa kwa kiasi, kojolea kwenye jagi, kisha upimwe kilichobaki. Kwa kawaida tunataka kisizidi mililita 100 hadi 150. Kaa sawasawa, inama mbele kidogo, ngoja. Usikamue. Kukamua kunaukandamiza mrija dhidi ya ule mshipi mpya na mkojo unazidi kugoma.

Usiondoke bila nakala ya maelezo ya upasuaji, na kama umewekewa kifaa, stika yenye jina na namba yake. Alikuja kwetu mama kutoka hospitali nyingine akiwa na maumivu ya paja. Kadi yake ilikuwa na neno moja tu, "Upasuaji", na tarehe. Hakujua kama ana utepe au nyuzi. Ilituchukua wiki kadhaa kujua, naye anaumia.

Hatua ya 7: Wiki sita nyumbani

Dumu la lita 20 ni kilo 20. Usiliguse. Kiwango cha kunyanyua ni kama kilo tano, na mtoto anayetembea amevuka hapo. Kaa chini, apande mwenyewe mapajani. Kulima, kutwanga na kudeki kwa kuinama vingoje.

- Usiweke kitu ukeni: tendo la ndoa, dawa za asili, vidole vya kujisafishia. Kukandwa kwa maji ya moto na kujifukiza pia hapana, hata mama mkwe akisisitiza. Maji safi nje tu.
- Choo kiwe laini: papai, mboga za majani, maji ya kutosha. Kikigoma siku mbili, omba dawa.
- Tembea kila siku, kidogo kidogo, damu isigande miguuni.
- Ukikohoa na una kidonda cha tumbo, kandamiza mto juu yake.
- Kwa anayeswali, kama kusujudu kunavuta kidonda, swali umekaa kwenye kiti hadi upate nafuu.

Rudi hospitali siku hiyohiyo ukiona: homa, usaha au harufu mbaya, damu inayolowesha pedi kwa saa moja, mkojo usiotoka kabisa huku tumbo linajaa, mguu mmoja uliovimba na kuuma, kukosa pumzi, au mkojo unaotiririka ukeni bila kukohoa.

Mambo yakienda kombo

*Mkojo unatoka kwa uzi mwembamba.* Siku za mwanzo ni uvimbe. Kojoa, simama, zunguka kidogo, kaa ukojoe tena. Ukibaki mwingi, utafundishwa kujiingiza mpira mdogo mwenyewe kwa muda. Ikiwa ni utepe, daktari anaweza kuulegeza au kuukata katikati. Usingoje miezi, mapema ni rahisi.

*Kukohoa sasa siogopi, lakini nabanwa ghafla.* Hutokea kwa baadhi. Pimwa UTI kwanza, punguza chai kali na kahawa, jizoeze kuongeza muda kati ya safari za chooni. Ikiendelea, dawa zipo.

*Mume anasema kuna kitu kinamkwaruza.* Utepe unaweza kuwa umetokeza. Acha tendo la ndoa, nenda ukaangaliwe. Sehemu ndogo hutibiwa kwa krimu ya estrojeni au kukatwa na kufunikwa.

*Paja linauma.* Huonekana zaidi kwa utepe uliopita pembeni. Mara nyingi huisha ndani ya wiki chache. Likizidi au likikuzuia kutembea, rudi, na ukijibiwa kwamba ni mawazo yako, tafuta daktari mwingine.

*UTI inajirudia kila mwezi.* Usinunue dawa dukani mara ya tatu. Mkojo uoteshwe maabara, kiasi kinachobaki kipimwe, na kibofu kiangaliwe kwa darubini. Utepe au uzi ulioingia kibofuni huleta hali hii.

*Bado navuja nikikohoa.* Subiri kidonda kipone, rudia daftari la siku tatu, urudi nalo. Inawezekana kilichobaki ni ile aina ya kubanwa ghafla, na hiyo haihitaji kisu. Kama ni ileile ya kukohoa, upasuaji wa pili unawezekana, na hapo ndipo kile kipimo cha presha ya kibofu kinafaa kusafiriwa.

*Nimepata mimba.* Mwambie mkunga mapema na umpe ile nakala ya upasuaji. Njia ya kujifungua ipangwe na daktari bingwa kabla ya uchungu.